Shikamoo Iache Getini

Mtu wa kwanza kuikataa shikamoo yangu alikuwa mwanamke wa rika la mama yangu mzazi. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza ya kazi, kwenye geti la kiwanda kule Seven Hills, Sydney, baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Nikasikia sauti ya Kimombasa ikiuliza kama mimi ndiye yule wa Tanga. Furaha ikanipanda, nikainama kidogo kama nilivyolelewa, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Hiyo iache getini," akanijibu. "Jioni ukitoka utaikuta."

Nilishtuka. Sijawahi kumwona mtu mzima wa pwani akiisukuma shikamoo namna ile, kama anayefukuza nzi kwenye sahani. Kabla sijajua niombe radhi au niondoke, akauliza, "Kifua?"

"Samahani?"

"Kifua chako, mwanangu. Nauliza hali yake."

"Kizima, mama."

"Basi ingia."

Pale kiwandani kila mtu alimwita Mkufunzi, nami sitamwita jina jingine. Alizaliwa lini, ni wa ukoo gani, nani alimleta Sydney, sikupata kujua. Na si kwamba sikujaribu. Mama yangu alizoea kusema mimi naweza kumpekua hata maiti, na kila tulipoketi kunywa chai nilimtega Mkufunzi kwa hili na lile. Yeye alikuwa ananitazama juu ya kikombe, kisha ananiuliza, "Na miwani yako ya kinga umeiweka wapi?" Mazungumzo yakawa yameishia hapo.

Ukikitazama kwa nje, kiwanda chenyewe ni ghala kama maghala mengine ya pale, kati ya fundi wa magari na watu wanaouza vigae. Ndani tunalima bangi. Nasema wazi, maana nilipowaambia nyumbani, dada yangu alinikatia simu. Ilibidi nimpigie tena nimweleze kuwa ni bangi ya dawa, yenye leseni ya serikali, inayoandikwa na daktari na kutolewa kwenye duka la dawa. Kuna kamera kila pembe, kila ua linapimwa kwenye mizani, na hakuna anayeajiriwa kabla polisi hawajathibitisha rekodi yake. Dada akauliza, "Kwa hiyo wewe sasa ni mkulima au mfamasia?"

Nikamwambia kwa sasa mimi ni mwanafunzi. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kushika mkasi kabla ya kufunzwa usalama, na kila mwaka mafunzo yanarudiwa upya. Sheria ya hapa inataka mfanyakazi afunzwe kwa namna anayoielewa, sio ilimradi amefunzwa. Ndiyo maana Waafrika wa zamu yetu walipewa Mkufunzi. Kabla yake, niliambiwa, walikuwa wanawekewa video ya Kiingereza, wanatikisa vichwa, wanatia sahihi, wanaenda kukata.

Nilipomuuliza kwa nini anaikataa shikamoo, alinijibu kwa ukali kama nimemuuliza mshahara wake. "Mtu aliyekupa shikamoo saa moja hawezi kukwambia simama saa tatu. Ulimi wake umeshapiga magoti. Mimi hapa ndani sitaki mtoto mwenye adabu, nataka mtu wa kunizuia."

Neno jingine alilolipiga marufuku ni "nimeelewa". Alisema hilo ni neno la kumfukuza mwalimu. Ukilisema, alikaa kwenye kiti chako, akakunja mikono, akasema, "Haya, mimi ndiye mgeni. Nifunze." Hapo ndipo unagundua kuwa hukuelewa kitu. Mimi nilimfunza kuvaa barakoa, nikasahau kumwambia aibane juu ya pua. Akaivaa vile vile, ikamning'inia kama hatamu ya punda, na akaendelea kunisikiliza kwa heshima zote mpaka nikaona aibu.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa jingine, na halikuwa kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Siku ya pili alitupanga mlangoni pa chumba cha mkasi. Humo ndimo maua yaliyokauka yanakatwa vikonyo na majani, na hewa yake imejaa vumbi laini kama la unga wa ngano. Alikuwa ametoka tu kutuambia kuwa hakuna kuingia bila barakoa. Akafungua mlango, akaingia yeye bila barakoa, akaanza kutueleza habari za mikasi na glavu.

Tukamtazama. Mama Furaha, mwenzetu wa Bukavu, Kongo, ambaye hakosi neno, akanikanyaga mguu. Mimi nikatazama dari. Nilijisemea moyoni kwamba mtu mzima ana sababu zake, labda barakoa ni za wageni. Mkufunzi alieleza, akaeleza, kisha akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

"Mwaniona naingia pasi na barakoa, na mwanyamaza," alisema. "Mumeniua. Mumeniua kwa adabu."

"Lakini, Maman," Mama Furaha akasema, "mutu mukubwa kama weye, nani atakukataza?"

"Wewe."

Tangu siku hiyo hatukujua lini anakosea na lini anatujaribu. Alipita chini ya taa kali za kukuzia mimea bila miwani, au aliacha mkasi wazi mezani, au alivaa glavu iliyotoboka, halafu akatulia na uso mkavu kabisa. Wa kwanza kusema "Simama, Mkufunzi" alipewa tende. Alikuwa nazo mfukoni, kwenye kijaluba cha plastiki. Mama Furaha alikula tende nyingi kuliko sote, na ikafika mahali akawa anasema "Simama" hata pale ambapo hakuna kosa, kwa kubahatisha.

Huyo huyo Mama Furaha ndiye aliyempa Mkufunzi kazi ngumu kuliko sote. Kuna vyumba vya mimea vinavyopulizwa hewa ya ukaa ili mimea ikue haraka. Hewa hiyo ikizidi humlaza mtu, na haina harufu wala rangi. Kuna king'ora ukutani. Kikilia unatoka, na ukimwona mwenzako ameanguka mle ndani huingii kumtoa, unaita wenye mitungi ya kupumulia. Mkufunzi aliposema hivyo, Mama Furaha alisimama.

"Bon, mi nasema ukweli. Mutu akianguka, mi naingia. Siwezi acha mutu. Kwetu tulishaacha batu ya kutosha."

Nilimhurumia Mkufunzi, maana jibu la hilo halimo kwenye kitabu cha usalama. Alimwendea Mama Furaha, akamshika mikono yote miwili. "Najua utaingia," alisema. "Kwa hiyo nakuomba, siku hiyo uite kwanza, kwa sauti yako yote, ndipo moyo wako ukutume. Ukiita, watakuja kabla hujafika mlangoni." Mama Furaha alikaa chini akijifuta macho. Baadaye nilimuuliza Mkufunzi kama hilo ndilo sharti la kampuni. Akasema sharti la kampuni ni kutoingia, na yeye alikuwa akitafuta njia ya kumfikisha mama yule kwenye sharti.

Alikuwa na misemo yake, na mingi sijaisikia kwa mtu mwingine. "Leseni ni ya kampuni, mapafu ni yako." Shoga zake wa msikitini walipomuuliza kama ni kweli anafanya bangi, aliwajibu, "Mimi sifanyi bangi. Nafanya mapafu." Alisema hivyo na kuendelea kumenya ndizi. Sikuwahi kumwona akiitetea ile mimea wala kuilaani. Alipita kati ya mistari yake kama anayepita kwenye wodi, mikono nyuma.

Na kuna msemo uliokuwa mama wa yote: "Kifua kinachopona Jumapili kina neno na Jumatatu." Alitueleza kuwa vumbi la maua yale halimdhuru kila mtu. Wapo ambao miili yao huanza kulikataa, na kadiri wanavyolivuta ndivyo linavyowakamata, mpaka inakuwa pumu ya kazini, na ikikomaa haiondoki. Dalili yake ni kwamba unabanwa siku za kazi na unapumua siku za mapumziko. Mwenye dalili hiyo aseme mapema, asione haya, asiogope kupoteza kazi. Ndiyo sababu ya salamu yake ya kila asubuhi getini, "Kifua?" Alitazama uso wako unapojibu, hakusikiliza neno peke yake.

Sasa nije kwenye kioja. Mwanamke huyu, mlinzi wa mapafu ya watu, nyumbani kwake alichoma udi. Si kipande kidogo cha kufukizia nguo, la. Nilialikwa Alhamisi moja kwenye fleti yake Merrylands, nikakuta chetezo katikati ya sebule, makaa yamewiva, na moshi umetanda mpaka picha ya ukutani haionekani vizuri. Nikatazama juu. King'ora cha moshi kilichokuwa darini kilivishwa kofia ya plastiki ya kuogea, yenye maua ya waridi.

"Mkufunzi!"

"Kinapiga kelele," akasema. "Kinafukuza malaika."

"Na sheria?"

"Sheria iko Seven Hills. Hapa ni kwangu. Keti, mwanangu, kula kaimati."

Nilicheka mpaka machozi, nikala kaimati. Yeye mwenyewe alicheka, na katikati ya kicheko akakohoa, na kikohozi kile kikamchukua muda. Mwishoni kulikuwa na mluzi mwembamba, kama birika inayoanza kuchemka. Nikasema ni udi. Naye akasema, "Ni udi."

Lakini mimi ni mpekuzi, na neno likiniingia halitoki. Nilianza kumchunguza. Niligundua kuwa katika chumba cha mkasi hakai tena. Alianza kutufundishia kwenye kioo, yeye nje sisi ndani, akionyesha kwa vidole. Ikimlazimu kuingia, hata akiwa amevaa barakoa yake vizuri, alitoka baada ya muda mfupi akisema anapokea simu, na simu yenyewe sikuisikia ikilia. Jumatatu asubuhi sauti yake ilikuwa nzima. Ikifika Alhamisi ilikuwa imekwaruza. Nilikutana naye Jumapili mbili tatu sokoni Merrylands, akibeba mifuko mizito na kupanda ngazi huku anaongea bila kutweta. Nikakumbuka pia kuambiwa kuwa kabla ya kuwa mkufunzi alikuwa mkata maua, wa mwanzo kabisa, tangu siku ambazo barakoa zilikuwa za karatasi.

Mama Furaha nilimnong'oneza. Akasema, "Si umuulize?" Nikasema utamuulizaje mtu ambaye kazi yake ni kuuliza? Nilijaribu hata hivyo, getini, alipotamka "Kifua?" Nikajibu kizima, kisha nikamrudishia, "Na chako?" Akasema, "Changu ni cha zamani," akaenda zake. Nikaelewa kuwa anaogopa. Daktari akithibitisha, atatolewa kwenye sakafu ya kazi, na video ya Kiingereza itarudi, na sisi tutarudi kutikisa vichwa. Na yeye angekuwa nani bila geti lile?

Siku ya mafunzo ya marudio ilifika, na wageni wapya walikuwepo. Mkufunzi akatupanga mlangoni, akasema hakuna kuingia bila barakoa, akaingia bila barakoa. Mchezo wake ule ule. Wageni wakatazama dari. Sisi wa zamani tukatabasamu, tukiwaachia nafasi. Akaanza kueleza habari za mkasi. Kisha akanyamaza, akashika ukingo wa meza, mabega yakampanda.

"Simama, Mkufunzi!" Mama Furaha akapaza sauti kwa furaha. "Tende yangu!"

Watu wakacheka. Mkufunzi akainua mkono kama anayesema subirini, na wengine wakadhani bado anaigiza, wakaanza kumpigia makofi kwa uhodari wake. Mimi nilikuwa karibu, nikausikia mluzi ule wa birika. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Sio somo!" nikapiga kelele. "Jamani, hili sio somo!"

Nilimshika kwapani nikamtoa mpaka uwanjani. Kwa upande wa Mama Furaha, aliita. Aliita kwa sauti yake yote kama alivyofunzwa, hata watu wa vigae wakatoka nje, na ambulensi ilipofika ilimkuta Mkufunzi ameketi, ameinamia mbele, akipigania kila pumzi. Niliketi naye njia nzima hadi hospitali ya Westmead. Sikuwa nimepata woga wa namna ile tangu nimzike mama yangu.

Walimtia dawa ya kuvuta, akatulia. Jioni ile daktari kijana akaja na maswali, nami nimeketi pembeni nimeshika mkoba wake. Nyumbani kuna moshi? Mkufunzi akajibu kwa Kiingereza chake safi kwamba ndiyo, anachoma ubani na udi, ni desturi ya kwao, kila wiki. Daktari akaandika. Na kazini je, kuna vumbi, kuna kemikali?

"No, darling," Mkufunzi akasema. "I'm only a teacher. I sit in the office." Eti yeye ni mwalimu tu, hukaa ofisini.

Daktari akaridhika, akaanza kumpa nasaha juu ya udi. Nikatazama dari. Ndiyo, nilitazama dari vile vile kama siku ile ya pili. Shikamoo zote nilizolelewa nazo zilinipanda kooni. Mtu mzima akishasema neno lake mbele ya mgeni, mtoto haliingilii, na huyu alikuwa kitandani, na nilimpenda, na kazi ile ndiyo ilikuwa roho yake. Akaniangalia. Macho yake yalikuwa yanaomba, na Mkufunzi hakuwa mtu wa kuomba.

"Doctor," nikasema, "she gets better on Sundays."

Kalamu ikasimama. "Sorry?"

Nikamweleza kwamba Jumapili anapona. Nikamwambia kuhusu vumbi la maua, kazi yake ya zamani ya mkasi, kioo, simu isiyolia, Jumatatu na Alhamisi. Nilipomaliza, Mkufunzi alikuwa ameugeuzia uso ukuta. Daktari alipotoka nilimwita, mara moja, mara ya pili. Hakuitika. Niliuacha mkoba wake juu ya kitanda nikaondoka.

Yaliyofuata yalikuwa kama alivyohofia. Vipimo vilithibitisha pumu ya kazini, na daktari akamkataza kukanyaga tena sehemu yenye vumbi lile. Kampuni, tuseme haki, haikumtupa. Ilimpa meza ofisini, mbali na mimea, aandike mafunzo kwa Kiswahili. Mafunzo ya sakafuni nilipewa mimi. Nilimpigia simu, haikupokewa. Nikatuma salamu za Idi, zikasomwa, zikabaki hivyo. Ofisi yake ilikuwa na mlango wa upande mwingine wa jengo, kwa hiyo hata getini hatukukutana. Niliumia. Usiku nilijiuliza kama ningeweza kusema kwa namna nyingine, na kila mara nilifika pale pale, kwamba namna nyingine ilikuwa ni kunyamaza.

Kisha Alhamisi moja ukaja ujumbe wake: Njoo, kuna kaimati.

Nilipanda ngazi zile za Merrylands. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amejifunga leso, amenenepa kidogo, na alikuwa akipumua bila mluzi. Hapa hapakuwa na geti wala leseni, ni nyumbani kwa mtu mzima, kwa hiyo nikainama mpaka chini kama inavyopasa.

"Shikamoo, Mkufunzi."

Hakuitikia. Alikunja mikono akanitazama kwa ule uso mkavu. Nikabaki nimeinama, shingo inaniuma, nikiwaza kuwa ameniita ili anionyeshe mlango.

"Mkufunzi, shikamoo."

"Sema kwanza ulichokiona," akasema.

Nikainua kichwa. Chetezo kilikuwa mezani, makaa ndani, hayajawashwa. Nikatazama dari, na safari hii kwa sababu nzuri. King'ora kilikuwa bado kimevaa kofia yake ya waridi.

"Hiyo kofia," nikasema. "Na hayo makaa. Simama, Mkufunzi. Hutachoma udi."

"Unaniambia mimi? Nyumbani kwangu?"

"Nakwambia wewe."

Nikavuta kiti, nikapanda, nikaivua ile kofia, vumbi la siku nyingi likaniangukia usoni nikapiga chafya. Nikabeba chetezo nikakitoa nje barazani. Niliporudi alikuwa amefungua kijaluba cha plastiki, akaninyooshea tende moja. Nikaipokea.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Kifua?"